USICHUBUE NGOZI ALIYOKUVIKA MOLA WAKO

SOMO LA IJUMAA

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiim.

Sifa zote njema ni za Allah, aliyetuumba kwa udongo, akatupa sura, akatuvika ngozi, na akatufanya wa rangi mbalimbali kwa hekima yake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake, masahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema mpaka siku ya malipo.



Somo letu la leo ni juu ya ngozi. Najua wengine watatabasamu na kusema, imamu ameacha sala na zaka, sasa anaingia katika mambo ya saluni. Lakini dini yetu imeingia mpaka katika kucha na meno yetu, sembuse ngozi inayofunika mwili mzima? Zaidi ya hayo, jambo hili liko ndani ya nyumba zetu. Liko kwa mabinti zetu, wake zetu, na siku hizi hata kwa vijana wetu wa kiume. Wengine wanaliita makiyaje, wengine wanasema kujichubua, na ndugu zetu wa Tanzania wanaliita mkorogo. Sasa limekuja jingine linaloitwa pilingi, ambalo si kupaka pomadi peke yake. Mtu anapakwa maji makali ya asidi usoni ili ngozi ya juu ibanduke na ile ya chini ionekane.

1. NAANZA NA KOSA LANGU MWENYEWE

Kwa miaka mingi nimefungisha ndoa katika mji wetu. Baada ya hotuba ya ndoa watu wanapenda imamu aseme neno la kuchekesha kidogo, na mimi nilikuwa na neno langu. Bibi arusi akiwa mweupe, nilimwambia bwana arusi, "Alhamdulillah, umepata taa. Nyumbani kwako hutahitaji umeme tena." Kwa jinsi umeme unavyokatika katika karti zetu, watu walicheka sana na mama zetu walipiga vigelegele. Nami nilifurahi kwamba nimefurahisha watu.

Nina binti wa mdogo wangu. Allah amemuumba mweusi, mwenye uso mzuri, hafidhi wa juzuu kadhaa. Aliposwa, mahari ikatolewa, siku ikapangwa. Majuma matatu kabla ya arusi alikwenda katika saluni moja. Alipakwa dawa iliyotoka katika chupa ndogo isiyo na karatasi ya jina. Aliambiwa, "Itawaka kidogo, vumilia, uzuri una bei yake." Aliporudi nyumbani uso ulikuwa umevimba. Siku ya tatu ngozi ilibanduka vipande vipande, na chini yake palikuwa kidonda.

Nilikwenda kumtembelea. Nilimuuliza kwa ukali, jinsi wazazi tunavyofanya tunapoogopa, "Mwanangu, nani alikutia akili hii?" Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema pole pole, "Baba mkubwa, nimekaa katika arusi nyingi nikikusikia ukisema habari ya taa. Nilijiuliza, siku yangu ikifika utasema nini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikasimama uani, na toka siku hiyo sijasema tena neno lile. Binti huyo amenipa ruhusa kueleza habari yake bila kutaja jina, ili wenzake wapate faida. Mwisho wake nitaueleza mbele. Ninaanza na jambo hili ili ujue kwamba karatasi hii haikuandikwa na mtu anayewanyooshea wanawake kidole. Dhambi hii ina wenyewe wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

2. NGOZI NI NEEMA, NA WEUSI WAKE NI NGAO

Katika ngozi ya kila mwanadamu, katika tabaka lake la juu, kwa chini kabisa, Allah ameweka chembe zinazotengeneza rangi. Rangi hiyo waganga wanaiita melanini. Mzungu, Mwarabu na Mwafrika, idadi ya chembe hizo inakaribia kulingana. Tofauti ni kwamba chembe za mtu mweusi zinafanya melanini nyingi zaidi na kuieneza vizuri zaidi. Melanini hiyo ni mwavuli. Inazuia mionzi mikali ya jua isifike ndani na kuharibu mwili.

Tazama ndugu zetu albino, ambao Allah amewajaribu kwa kukosa melanini. Hao ni waja wa Allah kama sisi, wenye heshima kamili. Waulize jinsi jua linavyowaunguza, na jinsi kansa ya ngozi inavyowasumbua tangu ujanani. Wao wanatafuta kofia, mwavuli na mikono mirefu ili wapate sehemu ndogo tu ya ulinzi ule ambao wewe ulipewa bure tumboni mwa mama yako. Kisha wewe unatoa franka zako kuuvua. Hiyo ni kukufuru neema.

3. VITU HIVI VINAFANYA NINI MWILINI

Ni wajibu kujua kabla ya kuhukumu. Vitu vinavyotumiwa zaidi ni vinne.

Cha kwanza, hidrokinoni. Hii inazuia chembe zisifanye melanini. Mwanzoni uso unang'aa na mtu anasifiwa. Akiendelea kwa miezi na miaka, ngozi inaweza kugeuka. Yanatokea mabaka meusi yenye rangi ya buluu kama ya majivu, hasa mashavuni na chini ya macho, na vipele vigumu. Ugonjwa huo kuuondoa ni kazi ngumu sana. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975, baada ya kuuona kwa wanawake wengi weusi waliotumia krimu hizo. Nchi hiyo ilikataza krimu za namna hiyo mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliondoa hidrokinoni katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda walipitisha katazo, na kuanzia Novemba 2018 polisi na watu wa afya walipita madukani kuziondoa. Fikiri, ewe ndugu: kitu ambacho wengine wamekikataza madukani kwao, wewe unakipaka usoni.

Cha pili, zebaki. Ndugu zetu wanaochimba zahabu kule Kamituga na kwingineko wanaijua vizuri. Ndiyo ile merkire wanayokamatia zahabu. Imetiwa ndani ya sabuni na krimu nyingi za kung'arisha. Zebaki inapita katika ngozi, inaingia katika damu na kuharibu figo. Inagusa pia mishipa ya fahamu, ikaleta kutetemeka, kukosa usingizi na huzuni. Kwa mama mjamzito inafika kwa mtoto aliye tumboni. Na haimdhuru mwenye kuipaka peke yake, kwa sababu inabaki katika taulo, katika shuka na katika mikono inayomshika mtoto. Mataifa yalifanya mkataba juu ya zebaki mwaka 2013. Uliitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipata maafa kwa zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini. Mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Na katika kikao cha mwaka 2023 yalikubaliana kwamba kuanzia 2025 hata kiasi hicho kidogo kisibaki.

Cha tatu, kortikoidi, ambayo ni dawa ya kweli ya hospitali. Daktari anaiandika kwa ugonjwa wa ngozi, kwa siku chache, mahali padogo. Watu wanaichukua sokoni katika tyubu ndogo, wanaichanganya na mafuta na kupaka mwili mzima, miaka na miaka. Matokeo yake ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, inapasuka mistari mapajani na tumboni, nywele zinaota usoni, fangasi na vipele vinaenea. Inaweza kupandisha sukari na presha. Na mama huyo akihitaji kupasuliwa wakati wa uzazi, ngozi yake haishiki uzi vizuri na kidonda kinachelewa kupona. Mwenye kupaka hafikirii siku hiyo, lakini mwenye kumshona anaiona.

Cha nne, hizo asidi za pilingi. Hapa tuseme haki, maana Muislamu anasema haki hata pale isipomsaidia. Pilingi si uchawi wala si uzushi wa jana. Waganga wa ngozi wa Ulaya walikuwa wakiitumia tangu karne ya 19. Ziko asidi nyepesi, kama ile inayopatikana katika muwa, na ile ya salisili. Mganga mwenye ujuzi anazitumia kwa chunusi sugu na mabaka, kwa kipimo, na ngozi inapona kwa siku chache. Ziko nzito zaidi zinazoshuka chini. Na iko fenoli, ambayo inazama sana na kuingia katika damu. Hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana wenye kuitumia kwa haki wanafunga mashine ya kuangalia moyo wa mgonjwa wakati wote wa kazi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wenye saluni hawakuambii. Ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa, kawaida yake ni kujibu kwa kufanya rangi zaidi. Umekwisha kuona alama nyeusi inayobaki baada ya kuungua na sufuria. Asidi ikizama kupita kiasi, jambo ni lilelile, ila mara hii ni uso mzima. Mtu alikwenda kutafuta weupe, akarudi na weusi usio sawasawa, na wengine wanabaki na makovu yaliyovimba. Kwa hiyo hata huyo mganga mjuzi anaogopa kuigusa ngozi nyeusi kwa asidi nzito. Je, yule mwenye chupa isiyo na jina, aliyejifunza kazi juma lililopita kwa kumtazama rafiki yake?

Tusisahau sindano na vidonge vya kung'arisha. Usalama wake haukuthibitishwa, na sindano inayochomwa nyumbani na asiye muuguzi inaweza kuleta magonjwa mengine mabaya zaidi.

4. SHERIA YETU INASEMA NINI

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, Allah anatujulisha kiapo cha Shetani: kwamba atawaamrisha watu nao watabadilisha maumbile ya Allah. Katika Bukhari na Muslim, Abdullah bin Masoud (r.a.) amepokea laana juu ya wanawake wanaochanja ngozi kwa alama, wanaong'oa nyusi na wanaochonga mwanya katika meno kwa kutafuta uzuri, wakibadilisha maumbile ya Allah. Wanavyuoni wameshika sababu ile iliyotajwa mwishoni, yaani kubadilisha umbile kwa ajili ya uzuri tu, wakaipimia kila jambo linalofanana nayo.

Na tena iko hadithi katika Musnad ya Imamu Ahmad, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), inayomtaja al-qaashira na al-maqshuura, yaani mwanamke anayechubua uso wa mwenzake na yule anayechubuliwa. Tuseme ukweli wa elimu: wapokezi wa hadithi hii wana udhaifu, na hatuwezi kuisimamisha peke yake. Lakini itazame. Wanawake wa zamani walikuwa wakipaka usoni mchanganyiko wao mpaka ngozi ya juu inabanduka. Imamu Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra, aliizungumza katika kitabu chake cha hukumu za wanawake. Alitaja hata hofu kwamba jambo hilo linaweza kuidhuru ngozi baadaye. Hayo yalisemwa karne nane zilizopita, kabla hospitali hizi hazijakuwako. Na imamu huyohuyo hakuona ubaya katika dawa inayoondoa mabaka na kumrudishia mwanamke uzuri wake kwa mumewe. Basi angalia jinsi wanavyuoni wanavyopambanua.

Tena Allah amekataza, katika Suratul-Baqara aya ya 195, tusijitupe wenyewe katika maangamizi. Na kanuni ya Mtume wetu (s.a.w.) ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza dhara.

Kutokana na hayo, mambo yanagawanyika matatu:

(a) Kujisafisha na kujipamba kwa halali. Kuoga, kupaka mafuta ya mise, ya nazi au ya zeituni, hina, wanja, nguo nzuri mbele ya mume. Hilo linaruhusiwa, na kwa nia njema lina thawabu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri.

(b) Kujitibu. Mwenye chunusi sugu, mwenye mabaka yaliyokuja na mimba, mwenye kovu la moto, huyo anataka kurudishiwa umbile lake. Hilo halimo katika laana. Sahaba Arfaja (r.a.) alipoteza pua yake vitani. Akatia pua ya fedha ikaoza na kunuka, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu pua ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi kutibu kasoro kunaruhusiwa, kwa mganga mwenye ujuzi, na kwa dawa ambayo madhara yake hayapiti faida yake.

(c) Kuvua rangi ya mwili mzima au ya uso kwa sababu tu mtu hakuridhika kuumbwa mweusi. Hilo ni haramu kwa sababu mbili: linabadilisha umbile bila ugonjwa, na linaangamiza nafsi.

5. RANGI SI DARAJA

Mzizi wa jambo hili hauko katika pomadi. Mzizi uko moyoni. Tumeamini kwamba mweupe ni bora. Wakoloni walitufundisha hivyo, na watumwa waliuzwa kwa mawazo hayo. Lakini tusidanganyane, nasi tumeendelea kujifundisha wenyewe kwa ndimi zetu.

Katika Suratur-Ruum, aya ya 22, Allah ameweka tofauti za lugha zetu na rangi zetu pamoja na uumbaji wa mbingu na ardhi, akasema kwamba humo mna ishara kwa wenye elimu. Basi rangi yako ni ishara ya Allah. Mtu anafuta aya?

Katika hotuba ya kuaga, Mtume (s.a.w.) alitangaza kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, wala mweusi juu ya mweupe, ila kwa ucha Mungu. Siku ya kuifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, juu ya Kaaba alipandishwa Bilali (r.a.), Mhabeshi aliyekuwa mtumwa, akaadhini mbele ya wakubwa wa Makureshi. Na Abu Dharri (r.a.), sahaba mkubwa, alipomtukana mtu kwa mama yake, ambaye wapokezi wengine wanasema alikuwa Bilali, Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba bado yumo ndani yake ujahili. Abu Dharri aliambiwa hivyo! Mimi na habari yangu ya taa je?

Na wewe dada, chukua habari hii iwe yako. Katika Bukhari na Muslim, Ibn Abbas (r.a.) alimwambia mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah: nikuonyeshe mwanamke wa Peponi? Akamwonyesha mwanamke mweusi. Alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Mtume (s.a.w.) alimchagulisha, asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, na akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Ndugu zangu, ni wangapi duniani walionyeshwa kwa kidole, wakiwa hai, kuwa ni watu wa Peponi? Na Ataa mwenyewe aliyeonyeshwa alikuwa mtu mweusi, akawa mufti wa Makka, watu wa hija kutoka kila nchi wakingoja jibu lake.

6. KWENU WANAUME

Usiende nyumbani na karatasi hii ukamtupia mke wako na kusema, soma, imamu amekuandikia. Soma wewe kwanza.

Nani anayemwambia binti mdogo "wewe umetoka mweusi kama sufuria" huku anacheka? Nani anayetafuta mke kwa kuuliza rangi kabla ya kuuliza sala? Nani anayemsifia mke wa jirani mbele ya mke wake? Umemnyima mke wako maneno mazuri miaka kumi, naye ameyatafuta katika tyubu ya dola mbili. Suratul-Hujuraat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na katazo hilo halikusimama mlangoni mwa nyumba yako.

Na wewe kijana unayejipaka kwa siri ili upendeze katika picha za simu, hukumu ni hiyohiyo.

7. KWENU WAUZAJI NA WENYE SALUNI

Wapo miongoni mwetu wanaouza vitu hivi sokoni Kadutu na kwingineko, nao wanaswali safu ya mbele. Ndugu yangu, najua una watoto na kodi ya duka. Lakini pesa ya kumuuzia mtu kidonda haina baraka. Soma boksi kabla ya kununua mzigo. Ukikuta maneno Hydroquinone, Mercure, Calomel, Clobétasol au Bétaméthasone katika kitu kinachouzwa kama pomadi ya urembo, kiache. Na kisicho na maandiko kabisa ni kibaya zaidi, kwa maana hujui unauza nini.

Kwa mwenye saluni: katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu yake, huyo ni mdhamini, yaani atalipa alichoharibu. Basi ukimpaka mtu asidi ukamuunguza, usiseme "ni bahati mbaya". Ni deni shingoni mwako, hapa duniani na kesho mbele ya Allah. Suka nywele, paka hina, osha uso kwa maji. Riziki ya halali iko.

8. KAMA UMEKWISHA KUANZA

Mlango wa toba uko wazi. Usikate tamaa na usijifiche.

– Kama unatumia sabuni au krimu yenye zebaki, iache leo, uifunge mbali na watoto, na ukapimwe figo.

– Kama umepaka kortikoidi kwa muda mrefu mwili mzima, usiikate ghafla peke yako. Mwili umeizoea na unaweza kudhurika. Nenda kwa daktari, mwambie ukweli wote bila haya, akupangie jinsi ya kupunguza.

– Rangi itarudi pole pole. Miezi ya kwanza ngozi inaweza kuwasha, kutoka vipele na kuwa na mabaka. Ni wakati wa kusubiri. Wengi wanarudi katika pomadi katika miezi hiyo. Paka mafuta ya kawaida, vaa nguo ndefu, tumia mwavuli juani.

– Mtu akiunguzwa na asidi, mwoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika ishirini au zaidi, kisha hospitali. Usipake dawa ya meno wala majani.

– Ukiwa na mimba, au unaenda kupasuliwa, mwambie muuguzi ulichokuwa ukipaka.

9. MASWALI TULIYOPOKEA

Swali: Nikiwa na pomadi, udhu wangu unasihi?
Jibu: Mafuta ya kawaida hayazuii maji kupita juu ya ngozi. Kama ni tabaka nene linalozuia maji kufika, lioshe kwanza. Lakini udhu kusihi hakuifanyi pomadi ya haramu kuwa halali.

Swali: Uso wangu umeungua, natawadha vipi?
Jibu: Kama maji yanakudhuru, osha sehemu zilizo nzima na utayamamu kwa ajili ya iliyojeruhiwa. Kama kuna bendeji, pangusa juu yake kwa maji. Usiache sala.

Swali: Mume wangu ananilazimisha nijichubue.
Jibu: Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Mwambie kwa adabu, na akikataa, njoo na wazazi tuzungumze naye.

Swali: Wenzangu wananicheka tangu nilipoacha.
Jibu: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hatazami sura zetu wala mali zetu, bali anatazama nyoyo zetu na matendo yetu. Waache wacheke, wewe una Anayekutazama.

MWISHO

Nilikuahidi mwisho wa habari ya binti yetu. Familia yake ilituma watu kwa wakwe kusema, arusi isogezwe mbele, na kama bwana arusi anataka kurudishiwa mahari, hatutamlaumu. Kijana alikuja mwenyewe na mjomba wake. Akasema, "Mimi niliposa uso ule mweusi. Nitaungoja urudi, na usiporudi wote, mwenyewe amebaki." Walioana baada ya miezi minne. Alama zipo mashavuni mpaka leo, nyeusi kuliko ngozi yake ya kwanza. Nilifungisha ndoa hiyo mimi, na katika hotuba sikusema habari ya taa. Nilisoma aya ya rangi na lugha, kisha nikamwomba bibi arusi msamaha mbele ya watu. Alinisamehe. Namwomba Allah naye anisamehe kwa wale wengine walionisikia, ambao siwajui.

Ewe Mola wetu, umeyafanya mazuri maumbile yetu, basi yafanye mazuri matendo yetu. Wape afya walioungua, wape subira walioacha, waongoze wanaouza, na uzitakase ndimi zetu zisimdharau kiumbe chako. Aamiin. Wa sallallaahu alaa nabiyyinaa Muhammad.

ANGALIA: Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini wala usifungie bidhaa. Usiisome wakati imamu anahutubu. Ukimaliza, mpe jirani yako, na umpe kwa upole.